Unamsitiri Mwenzio au Unajisitiri?

Tuanze na jambo ambalo wengi wetu tumekutana nalo mlangoni. Mgeni anapiga hodi saa tano asubuhi, anamtaka bwana wa nyumba. Bwana yumo chumbani, amelazwa na pombe ya jana. Bibi anafungua mlango, anatabasamu na kusema, "Karibu. Mzee hajisikii vizuri leo." Je, bibi huyo ametenda dhambi ya uongo, au ametimiza wajibu wa mke? La uongo hakusema, maana mzee kweli hajisikii vizuri. Kweli yote pia hakuisema. Na tuulize zaidi: ikiwa atasema hivyo hivyo Jumamosi ijayo, na Jumamosi zote za mwaka, mpaka watoto wajifunze kuwajibu wageni hivyo bila kufundishwa, je, bado tutaiita stara?

Stara ni neno zuri tulilopewa na watu wa pwani. Kusitiri ni kufunika kile ambacho si haki ya kila jicho kukiona, kama nguo inavyoufunika mwili. Kinyume chake ni kumuumbua mtu. Na aibu ina mahali pake, napo ni usoni. Aliyeaibika huinamisha uso, asiye na haya twasema ni mkavu wa macho, na methali yatuambia kwamba uso umeumbwa na haya. Kwa hiyo hatukuwangoja wataalamu watufundishe kwamba katika kila mazungumzo kuna nyuso mbili za kulindwa. Hata hivyo wapo waliosema ya kutufaa. Erving Goffman, mzaliwa wa Kanada, aliandika mwaka 1955 kwamba uso wa mtu, yaani heshima anayoidai mbele ya wenzake, si mali yake kabisa. Ni kama kitu alichoazimwa na jamii, nayo yaweza kukitwaa tena. Mwaka 1978 Penelope Brown na Stephen Levinson, baada ya kulinganisha Kiingereza, Kitamil cha India kusini na Kitzeltal cha Meksiko, walieleza kwamba kila mtu ana njaa mbili: anataka kupendwa na kukubaliwa, na tena hataki kusukumwa wala kuamrishwa. Maneno ya adabu hulisha njaa hizo. Aliyeoa au kuolewa anajua kwamba haziishi siku ya arusi.

Itazame lugha yetu yenyewe. Hodi humpa mwenye nyumba nafasi ya kuvaa shati na kuondoa vyombo vichafu kabla hujamwona. Ukimwuliza mtu kama amejaliwa watoto, hatasema "hapana" bali "bado", hata akiwa na miaka 60. "Habari?" hujibiwa "nzuri" kwanza, hata ikiwa kuna msiba, habari yenyewe huja polepole nyuma ya neno "lakini". "Pole" twamwambia mtu aliyejikwaa ingawa si sisi tuliomsukuma. Ndugu zetu wa Tanzania hutucheka sisi Wakenya, hasa wa bara, kwa kuingia hotelini na kusema "Nipe chai", hali wao husema "Naomba chai." Tunastahili kuchekwa kidogo. Lakini ajabu kubwa haiko hotelini. Msikilize baba akizungumza na karani wa benki: "Samahani, ningeomba kujua salio langu, kama sitakusumbua." Jioni ile ile anaingia nyumbani kwake: "Chakula kiko wapi?" Adabu yote imekwisha mjini, kama nauli. Naye mama aliyembariki muuza mboga kwa kuongezewa kitunguu kimoja, hupokea pesa za nyumba mwisho wa mwezi bila hata neno. Papa Fransisko, katika wosia wake wa kitume Amoris Laetitia wa mwaka 2016, alikazia maneno matatu madogo nyumbani: la kuomba ruhusa, la kushukuru na la kuomba radhi. Hakudhani kwamba watu wa ndoa wamekwisha kuvuka haja ya hayo.

Hayo ya adabu ya kila siku ni mepesi. Twende kwenye magumu.

Tuseme ndugu mkubwa wa bwana amekuja kutoka nyumbani kijijini. Baada ya chakula anakohoa kidogo na kusema, "Kijana wetu anaingia sekondari Januari. Mlisema mtatushika mkono kwa karo." Bwana anajibu, "Kaka, tutaona mwisho wa mwezi." Bibi anajua kwamba mwisho wa mwezi hakuna kitu, kwa sababu mshahara unakatwa mkopo wa chama cha akiba. Ana njia mbili. Anaweza kusema, "Mwisho wa mwezi upi? Mweleze shemeji ukweli, hata unga tunakopa." Au anaweza kusema, "Shemeji, tuombeane, hali si rahisi," na kumwongezea chai. La kwanza ni kweli tupu. Lakini hakuna anayesoma ukurasa huu ambaye angependa kuketi katika chumba kile baada ya maneno hayo kutamkwa. Bwana amevuliwa mbele ya kaka yake, na kaka naye amefanywa mwombaji. Hata chai itapoa.

Je, basi kweli ni jambo la kuwekwa kando wageni wanapokuja? Amri ya Nane haina kifungu cha wageni. Mtakatifu Augustino aliandika kitabu kizima juu ya uongo mnamo mwaka 395, akarudia tena mnamo 420, wala hakukubali uongo wowote, hata ule unaosemwa kwa nia njema. Mtakatifu Thoma wa Akwino alimfuata, lakini alipima uzito: uongo wa kumdhuru mtu si sawa na wa mzaha au wa kumfaa mtu, ingawa wote una kosa. Tena alisema kwamba ni halali kuuficha ukweli kwa busara, mradi usiseme la uongo. Katekisimu ya Kanisa Katoliki ya mwaka 1992 yafundisha kwamba hakuna anayelazimika kumfunulia ukweli mtu asiye na haki ya kuujua. Na hapa wengi hushangaa, maana Katekisimu hiyo hiyo yahesabu kuwa ni kosa kufichua dosari za mtu, hata zikiwa za kweli, kwa watu wasiozijua na bila sababu ya haki. Kwa hiyo mke anayemwaga siri za mumewe kwenye chama cha akina mama, na mume anayewasimulia rafiki zake kilabuni jinsi bibi yake asivyojua kupika, wasijitetee kwa kusema, "Lakini ni kweli!"

Tukirudi kwa shemeji, swali ni hili: ana haki ya kujua nini? Hana haki ya kusomewa hati ya mshahara wa ndugu yake, wala kuambiwa deni la dukani. Stara ya bibi hapo haikumnyang'anya chochote. Lakini ana haki moja kubwa: ana haki ya kujua kama pesa zitakuja au hazitakuja, kwa sababu kuna mtoto anayengoja. Ikiwa "tutaona" katika ukoo wao maana yake ni "hapana, lakini tunakupenda", na kaka analielewa hivyo, basi hakuna aliyedanganywa. Ikiwa kaka anaondoka akihesabu fedha hizo, asiende kuomba basari wala kuuza ng'ombe mapema, hapo neno lile tamu limemlipisha kijana. Ataketi nyumbani wenzake wakivaa sare mpya. Bwana wetu alipaswa kumsindikiza kaka yake hadi kituo cha matatu na kumwambia pale, wawili peke yao, "Kaka, Januari hii siwezi." Neno hilo lingekuwa chungu kwa dakika 10. Uso wa bwana ungewaka moto kidogo, nao ulikuwa wake wa kulipa.

Hicho ndicho kipimo ninachopendekeza kwa mabwana na mabibi. Usiulize tu kama maneno yako ni ya upole. Uliza yanamsitiri nani, na gharama inalipwa na nani.

Mtazame Yosefu. Injili ya Matayo yatuambia kwamba alimwona mchumba wake Maria ana mimba, na kwamba, kwa kuwa alikuwa mtu wa haki na hakutaka kumwaibisha hadharani, aliazimia kumwacha kwa siri. Alikuwa bado hajaambiwa na malaika. Kwa akili yake ya kibinadamu alikuwa na kila sababu ya kupaza sauti na kulisafisha jina lake. Angemwacha kimya kimya, huenda watu wangesema yeye ndiye aliyemharibu binti ya watu kisha akamkimbia. Stara ile ingemgharimu yeye. Na Injili haikuiona haki yake na huruma yake kuwa vitu viwili vinavyopigana.

Kule Kana tena, divai ilipokwisha, Maria hakusimama kuutangaza upungufu. Alimnong'oneza Mwanawe, akasema na watumishi. Mkuu wa meza hakujua divai ile mpya ilitoka wapi. Alimwita bwana arusi akamsifu. Yule kijana akapewa sifa ya divai ambayo hakuinunua, na hatusomi popote kwamba kuna aliyemsahihisha mkuu wa meza. Lakini tusiruke jambo moja: mitungi ilijazwa kweli. Yesu hakuuokoa uso wa maarusi kwa maneno matamu huku vikombe vikiwa vitupu. Stara nyingi za nyumba zetu ni za vikombe vitupu.

Sasa tuingie ndani, mlango ukiwa umefungwa na wageni wakiwa wamekwenda. Hapa mambo hubadilika. Shemeji hana haki ya kujua habari za mshahara, lakini bibi anayo, maana mmekuwa mwili mmoja na unga ni mmoja. Neno lile lile "tutaona", lililokuwa stara sebuleni, laweza kuwa udanganyifu chumbani.

Katika miaka ya 1990, serikali na makampuni yalipopunguza wafanyakazi kwa maelfu, na tena mwaka 2020 wakati wa korona, wanaume wengi nchini walijikuta bila kazi kwa siku moja. Mfikirie mmoja anayeamua kutomwambia mkewe. Kila asubuhi anafunga tai, anabeba mfuko wake, anatoka. Anashinda kwenye bustani ya mji, anarudi saa kumi na mbili jioni. "Habari za kazi?" "Nzuri tu, pole na kazi wewe pia." Mazungumzo yao yana adabu kuliko ya nyumba nyingi. Ukimwuliza, atasema anamkinga mkewe na wasiwasi. Lakini mkewe huyo anachukua sukari na mafuta dukani kwa mkopo akiamini mshahara unakuja. Amemwahidi dada yake mchango wa harambee. Anamkataza binti yao kuuza mandazi kwa sababu "baba yenu ana kazi". Kila uamuzi wake mwema unajengwa juu ya ardhi isiyokuwapo. Hakukingwa na mzigo. Amewekewa mzigo gizani. Mumewe amejilinda yeye, asimwone bibi akimtazama kwa macho mapya. Namwonea huruma mtu huyu kuliko ninavyomlaumu, maana tumewafundisha wana wetu kwamba mwanamume ni mfuko. Hata hivyo, siku bibi atakapojua, kitakachomuuma zaidi ya kazi iliyopotea ni zile jioni zote za "nzuri tu".

Na akina mama msicheke. Mkopo wa chama ambao bwana hajui umewekewa dhamana ya makochi anayoyakalia ni tai ile ile.

Kuna adabu nyingine ambayo haifichi kitu bali inachoma. Bibi aliyezoea kumwita mumewe "Baba Fulani" siku moja anaanza kumwita "mheshimiwa". Bwana anajibu "Sawa, mama, umeshinda," kisha hasemi tena siku nne. Maneno ni safi, ukiyaandika kwenye karatasi hakuna tusi hata moja, nao watoto wanatembea kwa ncha za vidole. Afadhali mara nyingine kelele ya dakika tano. Kule Mombasa akina mama wana njia yao: leso yenye maandishi. Mke aliyeudhika huchagua leso yenye neno linalofaa, akajifunga na kumwandalia bwana chakula. Bwana anasoma. Hakuna aliyegombana, hakuna aliyevuliwa, na ujumbe umefika. Naiona ni busara kubwa ya kufungua mlango. Ila leso haiwezi kujibu swali, na bwana mjanja aweza kujifanya hakuiona.

Lipo jambo moja ambalo siwezi kulipita haraka. Mwanamke anafika kwenye jumuiya jicho limevimba, anasema, "Niliteleza bafuni." Wote wanajua hapajatokea utelezi wowote. Wanaitikia "pole", wanafungua kitabu cha nyimbo. Nani amesitiriwa hapo? Si yule mwenye jicho. Amesitiriwa aliyepiga, na malipo ni mwili wa mkewe. Wapo wazee, na wapo viongozi wa jumuiya zetu, waliomwambia mama kama huyo kwamba mambo ya nyumbani hayaanikwi nje na kwamba msalaba ni wa kubebwa. Hilo si fundisho la Kanisa. Sheria ya Kanisa ya mwaka 1983, kanuni ya 1153, yampa haki ya kuondoka mtu ambaye mwenzi wake anamtia katika hatari kubwa ya roho au mwili, yeye au watoto, na pakiwa na hatari ya kungoja aweza kuondoka kwa uamuzi wake mwenyewe. Papa Fransisko alikumbusha katika wosia ule wa 2016 kwamba mara nyingine kutengana huwa ni wajibu wa kimaadili. Na serikali yetu ilipitisha mwaka 2015 Sheria ya Kinga dhidi ya Dhuluma za Nyumbani, ambayo kwayo mahakama yaweza kutoa amri ya kumlinda anayedhulumiwa, awe mke au mume. Mama anayemwambia padri, dada yake au polisi hajavunja stara ya ndoa. Yesu mwenyewe, alipofundisha namna ya kumwonya ndugu aliyekosa, alianza na wawili peke yao, akaja kwa shahidi mmoja au wawili, akaishia kwa kanisa lote. Faragha ni hatua ya kwanza. Kunyamaza hakumo katika hatua hizo.

Yule bibi wa mlangoni naye, tuliyemwacha na mgeni, asione kwamba nimemhukumu. Siku ya kwanza alifanya vyema. Mgeni hakuwa na haki ya kuona kitanda. Lakini kuna mtu mmoja ambaye hakustahili kuambiwa "hajisikii vizuri tu", naye ni mzee mwenyewe. Kama mlango unafunikwa mbele ya mgeni, basi neno linadaiwa ndani.

Neno hilo lisemwe lini? Kitabu cha kwanza cha Samweli kina Abigaili, aliyeolewa na Nabali, tajiri mwenye ulimi mbaya, aliyewatukana watu wa Daudi karibu aiangamize nyumba yake yote. Abigaili alikwenda kuituliza hatari. Aliporudi alimkuta mumewe kwenye karamu, amelewa sana. Hakumwambia neno, dogo wala kubwa, mpaka asubuhi ilipopambazuka na divai ilipokwisha kumtoka. Kisha akamweleza yote. Nabali hakuyapokea vizuri, ni kweli, lakini mkewe hakuahirisha mpaka juma lijalo.

Wengi wetu huchagua saa mbaya: mbele ya watoto, mbele ya mama mkwe, saa sita usiku mmoja akiwa ameshageukia ukuta. Tena twaanza na "wewe kila siku" au "wewe hata siku moja", maneno ambayo hayana kweli hata kidogo na ambayo humlazimisha mwenzio kuutetea uso wake badala ya kusikia. Jaribu kuanza na lile ulilo na hakika nalo: "Baba Fulani, jana nilimwambia mgeni hujisikii vizuri, na moyo wangu haukutulia." Hapo hajavuliwa, ila ameonyeshwa. Nimeona pia kwamba mabwana wengi husema kwa urahisi zaidi wakiwa wanatembea, kwa mfano njiani kutoka Misa, watoto wakiwa wametangulia mbele. Watu wanaotembea bega kwa bega hawatazamani usoni, na kutoka kanisani hadi nyumbani kwa kawaida ni mwendo wa kutosha kulisema jambo moja.